Bafle Zilizommeza Tantine

Wiki hii niko Mitwaba, katika nyumba ya wageni iliyopakana na karakana ya seremala. Asubuhi harufu ya gundi ya mbao hupenya dirishani, nami husahau niko wapi. Nakuwa tena msichana wa miaka tisa, Lubumbashi, nimelala sakafuni mbele ya bafle za baba, spika zake mbili kubwa.

Alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za makasha ya mitambo. Kila moja ilikuwa na midomo mitatu: mkubwa kama sinia chini, wa kati, na mdogo juu. Mtaani kwetu bafle nzuri ilikuwa ile inayotikisa mabati, na hizo zilitikisa hata sahani za mama kabatini. Rumba ilizikaa vizuri ajabu. Besi ilipanda kutoka sakafuni hadi tumboni mwangu, nikawa naelea kama niko juu ya maji. Lakini jirani yetu, mzee wa asili ya Maniema, alipoleta kaseti yake ya fidla, sauti ilitoka kama nyuki ndani ya debe. Akairudisha mfukoni kwa adabu, akasifu mbao.

Tantine Odile, mdogo wake baba, aliishi nasi. Kwaya yake ilikuwa ikitafuta wa kuongoza nyimbo, naye alikuwa amerekodiwa kanisani kwa majaribio. Wazee wawili wa kwaya wangekuja kwetu kusikiliza na kuamua, kwa sifa ya zile bafle. Wiki nzima kabla ya kurekodiwa hakugusa pilipili.

Walifika Jumapili mchana, tai shingoni. Baba akaweka kaseti. Ngoma zikajaa sebule nzima. Sauti ya Tantine ilikuwa nyuma ya ngoma huko, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Tunasikia ngoma tu, papa," alisema mzee wa kwanza.

"Bafle haina shida," baba akajibu, akimwonyesha Tantine kwa kidevu. "Sauti yake njo iko kadogo. Tangu mutoto iko vile."

"Yaya! Sema tu hautaki niimbe," Tantine akamwambia kaka yake.

Mzee wa pili akacheka. "Papa, hizi bafle zilizoea bar. Bado hazijabatizwa."

Baba hakucheka. Alimtazama dada yake, aliyekuwa akikunja kitenge chake vidoleni. Kisha akachukua bisibisi, akapiga magoti mbele ya wageni, akafungua mgongo wa bafle moja, halafu wa ile ya pili, akachomoa waya za mdomo mkubwa, ule wa besi. Akairudisha kaseti mwanzo.

Mabati yalinyamaza. Sauti ikatoka nyembamba, safi, na pumzi kabla ya kila mstari. Nilisikia hata mtu akikohoa kanisani. Wazee waliweka chupa zao za soda chini.

"Ni weye huyo?" aliuliza wa pili.

"Ni miye."

"Basi utatuongoza."

Walipoondoka nililia, kwa sababu baba alikuwa ameharibu bafle. Alinisikia, akaninyamazisha kwa mkono bila kugeuka. Alikuwa akirudia kaseti ile kwa mara ya tatu.

Nimeishi katika nyumba nyingi za watu tangu hapo, ndipo nikaelewa ule mkono. Hakuwa na hasira. Alikuwa na dada ndani ya nyumba miaka yote ile, na mchana ule ndio kwanza alikuwa anamsikia.