Kijivu Mwenye Paji Jeupe

Msimamizi wangu sikumwamini tangu siku ya kwanza. Alikuwa profesa mgeni kutoka ng'ambo, mpole kupita kiasi, na kila jioni tuliporudi kambini Nainokanoka aliniambia, "Niachie daftari nikutunzie." Nani kamwomba? Mwanafunzi aliyenitangulia alizunguka maboma ya wafugaji miaka miwili akikusanya damu ya kupimwa, na kazi ikatoka kwa jina la profesa peke yake. Sasa, mwishoni mwa miaka ya sabini, zamu ilikuwa yangu: kuchunguza homa inayoletwa na maziwa mabichi, niandike tasnifu, nirudi kwetu Karatu na shahada ya udaktari. Bila daftari lile sikuwa na shahada.

Boma la kwanza nilivuruga. Nilibandika namba kwenye vichupa, nikamwita mama mwenye boma, "Namba tatu!" Akaurudisha mkono ndani ya shuka.

"Wewe nahesabu watu?"

"Ni namba tu, yeyo," nikamwita mama kwa lugha yake.

"Watu hapana hesabu. Hata ng'ombe hapana hesabu. Hiyo naita kifo."

Nilikasirika, maana barafu ya kutunzia damu ilikuwa inayeyuka. Nikamuuliza, sasa jioni mnajuaje kama ng'ombe wote wamerudi? Akanitazama kwa huruma. Kila mmoja anajulikana kwa rangi na mwendo wake, akasema; asipokuwepo, unaona.

Nikabandua namba. Kila mtu akanitajia ng'ombe anayempenda, nami nikaandika hivyo kwenye kichupa: mweusi wa pembe moja, mwekundu anayechechemea. Mama yule alikuwa kijivu mwenye paji jeupe. Nani ni nani niliandika kwenye karatasi moja tu, nikaishonea ndani ya pindo la koti langu.

"Damu ya mimi naenda wapi?" aliuliza nilipokuwa nafunga sanduku.

"Ng'ambo, kupimwa. Jibu nitakuletea mwenyewe."

Profesa aliondoka na vichupa pamoja na daftari. Miezi ikapita kimya, kisha ikaja barua. Vipimo vimekamilika, ameshaanza kuandika makala, ila kuna jambo dogo: huyu mwekundu anayechechemea ni nani hasa? Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nikamjibu kwamba maelezo nitakuja nayo mwenyewe, na jina langu litangulie. Likatangulia. Shahada nikapata, kazi ya kufundisha nikapata, na kisa cha pindo la koti nikawa nawasimulia wanafunzi wangu wa udaktari ili wajifunze kujihami.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi Nainokanoka na mmoja wao, binti mwenye bidii. Mama yule alinitambua kabla sijamtambua. Mgongo ulikuwa umepinda, na alisema homa inakuja, inaondoka, viungo vinamuuma hata kukamua hawezi.

"Umeleta jibu?"

Jibu nilikuwa nalo miaka yote hiyo. Lilikuwa kwenye jedwali la tasnifu yangu nililojivunia kuliko yote: kijivu mwenye paji jeupe, anao ugonjwa. Ugonjwa wenyewe una dawa. Niliona aibu, nikashindwa kumtazama.

Binti alikuwa ameshatoa sindano. Mama hakunyoosha mkono wa kutolewa damu, alinyoosha kiganja.

"Daftari bakiza hapa. Ukirudi na jibu, utachukua."

Binti akalikumbatia daftari lake kifuani, akanigeukia, akingoja nimtetee kama nilivyomfundisha.

"Mwachie," nikasema.