Msoma Mita wa Endebess

Absalom Wakoli aliwajua watu wa kijiji kile cha juu ya Endebess kuliko mchungaji wao. Alijua nani huamka saa kumi na moja kuchemsha maji, nani hulala taa ikiwaka, na nani amenunua redio mpya inayonguruma mchana kutwa. Majina yao tu ndiyo hakuyajua. Kwake walikuwa Nyumba ya Nne, Nyumba ya Kumi na Tisa, hivyo hivyo mpaka arobaini na mbili.

Kosa halikuwa lake lote. Chuo kikuu cha kule Bungoma kilichomwajiri kilikuwa kimeagiza kwamba majina ya watu yasiandikwe katika utafiti. Chuo kilijenga mtambo mdogo wa umeme wa jua kandokando ya mashamba ya mahindi: paneli, kontena la betri, na katika kila nyumba mita janja. Mita hiyo hutuma hesabu yake yenyewe kila baada ya dakika tano, na mtu anaweza kuizima akiwa mbali, kwa kidole kimoja tu. Kila Agosti wanafunzi wa uhandisi walikuja kujifunza pale. Kwa wiki tatu walilijaza kontena kelele na harufu ya chapati, wakamwita Fundi, wakamuuliza mambo ambayo vitabu vyao viliyaruka. Kisha wakarudi Bungoma kuandika tasnifu, wakahitimu, wakawa wahandisi wa watu. Absalom, na diploma yake moja ya chuo cha ufundi cha Kitale, alibaki na betri.

Alizaliwa Chwele, mtoto wa tatu wa mama muuza vitunguu, na alikuwa na mke Bungoma, Peris, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka wa kwanza alishuka nyumbani kila Ijumaa. Mwaka wa pili ikawa mara moja kwa mwezi, maana betri haziachwi hivi hivi. Jioni moja alimpigia Peris simu akasikia nyumba imejaa vicheko vya wageni, na akaelewa kwamba hakuna aliyekuwa akimngoja. Alikata simu akajipikia ugali wa mtu mmoja. Upweke ulimuuma kweli, lakini hakuwa mtu wa kuusema, akauita kazi.

Kijijini mtu mmoja tu alijaribu kumtoa mle kontenani. Huyo alikuwa Mzee Kemboi wa Nyumba ya Ishirini na Tatu, ambaye boma lake lilipakana na ua wa mtambo. Wiki ya kwanza tu alifika kwenye seng'enge na chupa ya chai, akamwamkia kwa lugha ya kwao.

"Chamgei, mtu wa stima. Unakaa hapa na nani?"

"Peke yangu, Mzee."

"Hapana bana. Mtu hakai pekee yake. Kuja nyumbani tukunywe chai."

Absalom aliahidi. Na sehemu zile mwenyeji akishakuja kwako mara moja, zamu iliyobaki ni yako, hatakuja kukuburuta. Mzee alitimiza yake na zaidi. Kila alipopita na ng'ombe alimkumbusha, na kila mara Absalom alikuwa na ripoti ya kumaliza au waya wa kukaza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilishika mwenyewe siku ya kwanza, akalima ndani ya ua wake miaka miwili bila kuinua kichwa.

Mwezi wa sita umeme wa Nyumba ya Ishirini na Tatu ulianza kushuka. Ukashuka nusu, ukashuka tena, mpaka ikabaki balbu moja ya saa chache za jioni. Unadhani fundi wetu alienda kuuliza kuna nini? Wapi! Wanafunzi walikuwa wamewafundisha wanakijiji namna ya kuokoa umeme, naye akaona somo limeingia. Aliandika katika ripoti: "Nyumba ya 23 ni mfano wa kuigwa." Profesa alifurahi kule Bungoma, akauonyesha mchoro wa matumizi ya nyumba hiyo mkutanoni. Kuhusu ng'ombe waliokuwa wakipita na mchungaji mwingine, Absalom alifikiri labda Mzee amemkasirikia. Akasema moyoni kwamba Jumapili moja atakwenda kuomba radhi.

Ijumaa ya katikati ya Julai, saa tano asubuhi, simu yake ililia. Alikuwa Ian, mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akiangalia mita hizo hizo kutoka Bungoma.

"Sasa Fundi. Si uone ishirini na tatu bana! Imepanda mara sita. Ati hao wanauzia majirani stima?"

Absalom alitazama. Kweli, ilikuwa imepanda. Kanuni ya utafiti ilikuwa wazi: nyumba ikigawia wengine umeme, izimwe kwanza, maswali baadaye. Kutoka kwenye kiti chake mpaka mlango wa Mzee Kemboi hapakufika hatua mia mbili. Akabonyeza.

Nje, wimbo ulikatika.

Tangu alfajiri alikuwa akiusikia wimbo ule na hakuusikiliza; alidhani ni mkutano wa kanisa. Sasa vipaza sauti vilikuwa vimenyamaza, na katika ule ukimya alisikia mwanamke akilia kwa koo lake tupu. Alitoka mbio mpaka kwenye seng'enge. Aliona mahema, sufuria kubwa za chai, watu wamejaa mpaka shambani, na katikati yao jeneza, na kijana ameshika maikrofoni iliyokufa na karatasi ya maisha ya marehemu.

Alirudi kontenani akaurudisha umeme. Halafu, kwa mara ya kwanza, akapita lango la jirani yake.

Mjane, Mama Chepngeno, alikuwa ameketi mbele. Absalom alichutama miguuni pake.

"Pole sana, Mama. Mimi ndiye niliyezima stima. Sikujua. Nisamehe."

Mama alimtazama kama anayejaribu kuikumbuka sura yake.

"Ni wewe mtu wa stima? Sisi tulifikiria ulihama." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Absalom zaidi. "Mzee alilala hospitali Kitale wiki tano. Kila siku nikienda alikuwa ananiuliza, yule kijana amekuja? Nikamwambia, baba, huyo lazima alihama. Angekuwa hapa angeona nyumba yetu iko giza."

Absalom alikuwa ameliona giza lile. Aliliona kila baada ya dakika tano kwa wiki tano, akalisifu kwa maandishi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akajikokota hadi kiti cha nyuma.

Wasifu ulisomwa. Kisha mfawidhi wa shughuli akachukua maikrofoni. "Tuko na mgeni kutoka yunivasiti. Mgeni wetu, si usimame tukuone!"

Absalom alisimama peke yake. Watu waligeuka, wakampigia makofi ya adabu, akaketi.

"Asante. Sasa majirani. Nyinyi mlilala kwa hii boma, mkakamua ng'ombe ya Mzee, mkapeleka mama Kitale. Majirani, simameni!"

Viti vya plastiki vilikwaruzana hema zima. Alisimama mwanamume mwenye kofia ya sufu, wakasimama wasichana wawili waliokuwa wakigawa chai, ukasimama mstari wote alimokuwa ameketi Absalom. Miongoni mwao hakuweza kumtaja hata mmoja kwa jina. Hakuna aliyeishi karibu na Mzee Kemboi kuliko yeye, na kila kiungo cha mwili wake kilitaka kuinuka. Alibaki kitini akisubiri mtu yeyote amguse bega na kumwambia, wewe pia. Wote walikuwa wanatazama mbele.