Nilikuwa Pua ya Garderi

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa na Serikali ilikuwa kunusa vichwa vya watoto. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani ni mzaha wa bibi kizee. Si mzaha. Kila asubuhi, pale Uvira, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, nilisimama kwenye lango la nyumba ya kulelea watoto, sisi tuliiita garderi. Mama alinisogezea mtoto wake, nikainama, nikamnusa utosini. Akinukia sabuni, anaingia. Akinuka samaki, anarudi na mama yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na aproni nyeupe iliyopigwa pasi, na nilijiona mtu.

Garderi ilikuwa ya masista wazungu. Uhuru ulipofika wakafunga mizigo yao wakaenda, na funguo akapewa mke wa karani mmoja wa teritwari, yaani ofisi ya wilaya. Tulimwita Madamu. Vitanda vidogo vilibaki, vikombe vya bati vilibaki, na karatasi ya masharti ilibaki ukutani, imepigwa mashini kwa Kifaransa: kila mtoto awe na kitanda chake, apate kikombe cha maziwa asubuhi, maji ya kunywa yachemshwe, nyumba isiwe na harufu mbaya. Ukiyatimiza hayo, Serikali inaleta subside, yaani pesa ya kuendeshea nyumba, kulingana na idadi ya watoto walioandikwa. Na karatasi ilisema wazi kwamba pesa hiyo ni ya watoto wa kina mama wanaofanya kazi ya mikono: wakausha samaki, wachuuzi wa sokoni, walima mpunga. Haikutaja bibi za makarani.

Sasa sikiliza walivyoligeuza hilo sharti la harufu. Harufu iliyokatazwa ilikuwa ya nyumba. Na nyumba ilinuka kweli, maana choo chetu kilikuwa kimejaa tangu masista walipoondoka. Funza walitambaa mpaka kizingitini, na jiko lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Ukikoroga maziwa ya unga kwa mkono mmoja, mwingine unafukuza nzi. Pesa ya kuchimba choo kingine ilikuja, lakini jembe sikuliona. Madamu alipita hapo kila siku ameziba pua kwa kitambaa, halafu akaenda kusoma lile sharti na kuona ndani yake kichwa cha mtoto wa pwani. Nyani haoni kundule.

"Samaki mmoja akioza wameoza wote," aliniambia siku aliyonipa kazi. "Na weye umezaliwa ndani ya samaki. Hiyo harufu utaisikia mbele ya kila muntu."

Alisema kweli. Mama yangu alianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mchanga maisha yake yote, na mimi niliweza kufumba macho nikakwambia hizi ni za jana, hizi ni za juzi zilinyeshewa. Hiyo ndiyo diploma iliyonipa kazi. Nikikumbuka kwamba niliipokea kama sifa, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Mtoto aliyerudishwa hakufutwa kwenye daftari. Hapo ndipo palikuwa na ujanja wenyewe. Majina ya watoto wa pwani yalitakiwa, watoto wenyewe hawakutakiwa. Kila siku Madamu alikaa mezani na wino wake wa bluu, akaandika "prezan", yaani yupo, mbele ya majina arobaini, huku vitandani wamelala ishirini: watoto wa makarani, wa walimu, na wawili wa dada yake, ambaye kazi yake ya mikono ilikuwa kupaka rangi kucha.

Kati ya waliorudishwa alikuwamo mtoto mmoja wa kike, wa miaka miwili. Mama yake alikausha samaki wa mikeke huko Kalundu, kando ya ziwa, anawapanga juu ya kichanja cha miti na kuwawashia moto wa moshi chini, kuanzia alfajiri mpaka jioni. Mume hakuwa naye, ziwa lilimchukua. Mtoto alikuwa na kifua kibovu. Alikohoa mpaka macho yakatoka machozi, na mwuguzi wa dispanseri alikuwa amemwambia mama waziwazi: mtoe huyu kwenye moshi, usipomtoa utampoteza. Angempeleka wapi? Mwenyewe alinieleza yote haya pale langoni, mtoto akiwa mgongoni, kabla sijanusa. Nikanusa. Nikamwambia arudi.

Kesho yake alikuja tena. Alikuwa amemwogesha mtoto mtoni Mulongwe kabla ya jua, na maji ya mto ule yanatoka milimani, yanauma. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Nikanusa: juu sabuni, chini moshi.

"Mama, iko inanuka bado," nikasema.

"Mwanangu, nimemuosha mara tatu."

"Iko inanuka."

Siku ya tatu akaja naye amenyolewa kipara. Alikuwa amemnyoa kwa wembe, akamsugua kichwa kizima kwa ndimu, na pale wembe ulipokwaruza ndimu ilikuwa inamchoma, mtoto analia na kukohoa kwa pamoja. Niliinama. Sasa nitasema jambo ambalo padri hakuwahi kulisikia. Sikusikia samaki. Nilisikia ndimu tu, na damu kidogo. Lakini Madamu alikuwa amesimama dirishani ananiangalia, na kitenge cha yule mama kilikuwa kimekolea moshi. Nikatikisa kichwa.

Yule mama aliniangalia kidogo, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Mimi nikaita, mwingine aje.

Baada ya majuma mawili ilikuja habari kwamba inspekta anatoka Bukavu. Madamu alibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji. Akapanga mashuka, akamwaga majivu chooni, akaniita.

"Nenda Kalundu. Niletee ishirini."

"Ishirini gani, Madamu?"

"Wale wa kwenye daftari. Upesi."

Nikaenda kuwachukua watoto niliowafukuza kwa pua yangu mwenyewe. Mama zao waliwatoa kwa furaha, wengine walinishukuru. Tuliwaogesha uani kwa maji ya moto, ndiyo, siku hiyo maji ya moto yalikuwapo, tukawanywesha maziwa, tukawalaza. Yule wa kichwa cha ndimu nilimlaza kitanda cha karibu na dirisha. Alilala mchana mzima bila kukohoa hata mara moja. Nilipita pale mara nne kumwangalia kama anapumua.

Inspekta alifika na vumbi la barabara ya Luvungi na Sange mpaka kwenye nyusi. Alihesabu vitanda, alihesabu vichwa, alionja maziwa kwa kijiko. Alipopita karibu na choo alitoa kitambaa akaziba pua, akaendelea kuandika kwa mkono mwingine kwamba usafi unaridhisha. Halafu Madamu akamkaribisha mezani. Alikula mikeke wawili wa kuchoma na bugali, akanyonya vidole kimoja kimoja, akaondoka na kikapu cha ndagala ndani ya gari. Gari lilinuka samaki mpaka barabarani, na hakuna aliyeliambia lirudi.

Jioni yule mama alikuja kumchukua mtoto wake. Alimkuta bado amelala, akauliza kwa sauti ndogo kama yuko kanisani, "Hakukohoa?" Nikamwambia hakukohoa. Alicheka. Ndiyo mara ya pekee niliyoyaona meno yake.

Asubuhi alikuwa wa kwanza langoni. Alidhani wamempokea. Nani asingedhani hivyo? Na mimi sikuinama hata kunusa, nilimwambia tu kwamba leo hakuna nafasi, arudi. Hakugombana.

"Jana hakunuka?" aliniuliza.

Nikamwita aliyekuwa nyuma yake.

Miezi michache baadaye waasi waliingia Uvira, vijana wenye majani kichwani na mikuki mkononi. Karani na Madamu walikuwa wamekwisha vuka mpaka kwenda Usumbura, Madamu akiwa na sanduku moja na daftari la garderi chini ya kwapa. Vitanda aliacha, daftari alibeba. Alijua chenye thamani.

Mkubwa wa waasi aliwakusanya watu, akasema garderi sasa ni ya watoto wa raia, wakati wa mabibi umekwisha. Niliamini, sikatai. Nilifungua lango mabawa mawili, nikaenda Kalundu kwa miguu yangu kumwambia yule mama alete mtoto. Majuma matatu yule mtoto alilala kitanda cha dirishani. Maziwa yalikuwa yamepungua na choo kilikuwa kilekile, lakini moshi haukufika pale, na kikohozi kilianza kumwachia. Alijifunza kuniita yaya. Nilikuwa nimeacha kunusa watu.

Halafu bibi ya yule mkubwa akaleta mtoto wake, amevaa soksi. Siku chache tu, akalalamika kwamba mwanawe anarudi nyumbani ananuka ndagala. Mkubwa aliniita ofisini, na ofisi ilikuwa ileile, na kiti kilekile.

"Kamarade, mapinduzi ni usafi," akasema. "Weye banasema ulikuwa na njia ya kuchagua watoto getini. Uirudishe."

Watu wakisikia hadithi hii huniambia, ungefanya nini, walikuwa na mikuki. Hapana. Msiniondolee mzigo kwa uongo. Hakunitishia, hata sauti hakupandisha. Alinipa kopo moja la maziwa ya unga, la watoto walewale, nikalipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Kesho yake nilikuwa langoni na aproni yangu. Serikali hii na ile zilichinjana barabara nzima, zikakosana kwa kila kitu, lakini kuhusu pua yangu zilipatana.

Nilimrudisha yule mtoto. Aliniita yaya akiwa mgongoni kwa mama yake, wakati wanaondoka. Nilijifanya nahesabu wengine.

Askari wa Serikali walipokaribia, sote tulikimbilia milimani, na mvua zikatukuta huko. Tuliporudi mji ulikuwa wa Serikali tena, Madamu amevuka tena kutoka Usumbura, na daftari limerudi kwapani. Ndani yake aliandika miezi yote ile ya vita, mtoto kwa mtoto, prezan, prezan, prezan. Kwamba yeye alikuwa ng'ambo ya mpaka na watoto porini, hilo halikumzuia. Choo kilikuwa kimebomoka upande mmoja. Kikanuka zaidi.

Haukupita mwezi, ikaja habari ya inspekta mwingine. "Nenda Kalundu," Madamu akaniambia, kama vile hakuna kilichotokea duniani. Nikaenda.

Yule mama alikuwa kwenye kichanja chake, anageuza mikeke. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Niliangalia mchangani, nikaangalia kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nikaangalia nyuma yake. Nikamsalimia. Akaitika.

"Mama, kasichana kako wapi?"

Aligeuza samaki wa safu nzima mpaka mwisho.

"Kalikohoa mpaka mvua ya kwanza," akasema.

Moshi ulikuwa unanijia usoni, na nilishukuru, maana ulinipa sababu ya machozi. Nilitaka kusema pole, nikaona neno lenyewe linanuka. Niligeuka niende zangu.

"Lakini jina lake wenyewe munalo," akasema nyuma yangu, bila hasira, kama mtu anayekukumbusha kitu ulichosahau dukani. "Mumuandike tu."

Nilirudi na watoto kumi na tisa. Inspekta alikuwa amekwisha shuka garini, Madamu alikuwa mezani kwake anaandaa samaki, akanisukumia daftari na ile kalamu ya wino wa bluu nimalizie. Nikashuka na majina mpaka nikafika kwenye lake. Nikaandika prezan.

Inspekta aliyapita mashuka akihesabu, akasimama kwenye kitanda cha karibu na dirisha, kilichokuwa kitupu. Akauliza huyu yuko wapi. Nikamjibu kwamba mtoto amepelekwa kuogeshwa.