Wadudu wa Rangi ya Papai

Mama mkwe wangu alivunjika mguu msimu wa masika, alipoteleza kwenye ukingo wa mfereji unaopita nyuma ya shamba lake, juu kwenye miteremko ya Meru. Mume wangu alikuwa kazini mjini na mawifi zangu wanaishi mbali, kwa hiyo nilifunga kibanda changu cha ushonaji pale Elerai, mjini, nikabeba cherehani ya mkono na nguo za wateja, nikapanda kwenda kumuuguza. Tulikuwa hatujawahi kukaa wawili peke yetu. Mimi ni Mchaga na yeye ni Mmeru, na kwa miaka kumi na minne ya ndoa yangu mazungumzo yetu yalikuwa ya salamu na ya chakula tu.

Wiki ya kwanza ilipita kimya. Asubuhi nilimtoa barazani, nikamwekea mguu juu ya stuli, nikakaa pembeni na kushona. Yeye alitazama kitalu chake cha giligilani kilichokuwa hatua chache tu kutoka tulipokaa. Alikuwa amepanga kuivuna wiki ile ile aliyoanguka. Sasa ilikuwa imerefuka na kuchanua maua madogo meupe, nami nilidhani anaitazama kwa uchungu.

Siku moja aliniita. "Hebu njoo umwone huyu tetea."

Tetea alikuwa amedonoa mdudu mmoja kwenye maua. Alimtupa chini, akafuta mdomo wake kwenye udongo upande huu, kisha upande ule, akaondoka. Mdudu akajigeuza taratibu na kuanza kupanda shina lile lile. Mama alisema ni mara ya tatu kuona hivyo tangu asubuhi, na kwamba kuku wake hawabagui chakula, hata panya mdogo wanameza.

Nilimchukua mdudu kiganjani. Alikuwa bapa, wa rangi ya papai lililoiva, na ncha za mabawa yake zilikuwa nyeusi. Nilivaa miwani ya kutungia uzi. Mabawa yalikuwa na mistari iliyoinuka, iliyopita kwa urefu wake, na katikati yake vijistari vidogo vilivyokatiza, vyumba kwa vyumba, kama kitambaa cha neti ninachoshonea shela za maharusi. Hakuwa na haraka ya kunikimbia. Nilipombana kidogo, alitoa tone jeupe kama maziwa kwenye kiungo cha mguu, nami bila kufikiri nikaligusa kwa ulimi.

Uchungu ule ulikaa mdomoni mpaka chai ya saa nne. Mama mkwe aliniuliza kama nilikuwa nataka nyumba iwe na wagonjwa wawili. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, ladha yake ikoje.

Tangu siku hiyo hatukukosa la kusema. Tuliona kwamba wengine wana mabawa mapana yaliyotanuka kama sketi ya marinda, na wengine ni wembamba. Yeye alishikilia kwamba hizo ni koo mbili tofauti. Mimi nilisema ni ukoo mmoja, ila wapana ndio waliokula vizuri. Tulibishana siku mbili, mpaka asubuhi moja tukamkuta mpana amempanda mwembamba juu ya ua, nao wametulia hivyo hadi jua likawa kali. Mama alicheka mpaka akashika mguu wake.

"Kumbe bwana ndiye mwenye gauni," alisema.

Kisha tetea akatuchanganya. Tulimwona akidonoa mmoja wa rangi ile ile, na badala ya kumtema akammeza na kutafuta mwingine. Ilinichukua siku nzima kumpata anayefanana naye. Nilipomshika, vidole vyangu vilibaki na unga. Alikuwa nondo, mtamu kwa kuku kama nondo wengine, lakini rangi yake ni ya papai na ncha zake ni nyeusi. Mama alimgeuza geuza, akasema huyu amevaa sare isiyo yake, na kwamba siku nyingi itamsaidia, ila kwa tetea wetu asiyesahau tumbo lake haikumsaidia.

Mmoja wa wateja wangu anafundisha elimu ya viumbe chuoni. Nilimtumia picha kwa simu, naye Jumamosi akapanda mwenyewe. Alitueleza kwamba ni mbawakawa, na kwamba watoto wao huishi kwenye magogo yanayooza. Nilimpa chupa yenye wale niliowaokota wakiwa wamekufa chini ya mashina. Aliwapanga kwenye karatasi, akawatazama kwa lenzi, akasema humo hamna aina moja wala mbili. Aliona tatu, na hakuweza kuitaja hata moja.

Mama alimuuliza jina lao kwa Kiswahili. Mwalimu alisema hajawahi kulisikia. Mama akasema hata kwa Kimeru yeye halijui, wao waliwaita wadudu tu, na akaonekana kama mtu aliyejionea aibu.

"Nimewapita miaka yote hii nikienda kuchota maji," Mama aliniambia baada ya mwalimu kuondoka na chupa. "Sikuwahi kusimama."

Majibu yalichelewa sana. Aina mbili zilitambuliwa na watu wanaozijua. Ya tatu walisema hawana hakika, wakaomba wapatiwe wengine walio wazima, lakini wakati huo mvua zilikuwa zimekatika na hatukuona hata mmoja. Mimi nilikuwa nimesharudi mjini, na mama alikuwa anatembea kwa fimbo.

Wiki iliyopita alinipigia asubuhi, kabla ya kumpigia mwanawe. Alikuwa amepindua gogo la mgrevilea lililoanguka karibu na mfereji, akakuta vijidudu vyeusi, bapa, vimejipanga chini ya gome. Nilimwomba arudishe gome kama lilivyokuwa na asimruhusu mtu kulichukua gogo kwa kuni. Akaniambia ameshaliwekea uzio wa miiba, na akataka kujua nitapanda lini, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri kama mabegani mwa vijidudu hivyo kumeanza kuota mabawa.

Nimemwambia Jumamosi.