Sombe ya Baba

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa letu la Louisville, kanisa la Warundi na Wakongo tuliopewa chumba cha chini katika kanisa la Wamarekani. Majira ya baridi ya 2014 alitufundisha Matendo ya Mitume. Alikipenda kisa cha Petro kuingia nyumbani kwa yule akida wa Kirumi, yeye Myahudi ambaye tangu utoto hakuruhusiwa kuketi na mtu wa mataifa. "Wapendwa," alisema, "Petro angegoma kuvuka ule mlango, sisi leo tungekuwa nje." Machozi yalimlengalenga kila alipofika hapo. Mimi, niliyetoka zamu ghalani Okolona na macho mazito, niliitikia amina kwa moyo wote.

Basi dada yangu mkubwa akaolewa Columbus na Mmarekani, mtu mpole, mcha Mungu, ambaye kwao walimnyunyizia maji kichwani akiwa mtoto mchanga wakauita ubatizo. Kwetu, tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, asiyezamishwa mwili mzima hajabatizwa. Ni mtu wa mataifa, hata aimbe mapambio mpaka sauti ikauke, na mzee wa kanisa hali mezani pake. Baba hakwenda harusini.

Dada alimbembeleza kwa simu mwaka mzima. Alitaka kitu kimoja tu, Baba ale nyumbani kwake. Kwetu mzazi asiyekula kwa binti yake amemkana, hata kama anamwombea kila siku.

Mwishowe Baba akakubali nimpeleke kwa dada, mtaa wa Whitehall huko Columbus. Dada alikuwa amepika sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, tangu asubuhi, na mawese na samaki mkavu, vilevile alivyopika Mama. Alikuwa amemfundisha mumewe kushika birika na beseni, naye akamwinamia Baba ili amnawishe. Baba akaingiza mikono ndani ya koti.

"Nimeshiba, mwanangu," alimwambia dada, akatoka nje.

Nilimkuta garini akila mihogo ya kuchemsha aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni toka Louisville. Mwalimu wa Matendo, jamani.

"Na Petro je, Baba?"

"Petro alionyeshwa maono," alijibu, akiendelea kutafuna. "Mimi sijaonyeshwa kitu."

Dada hakulia mbele yetu. Alichota sombe ya Baba, akaifunika kwenye kikopo na kuiweka kwenye friza. Baadaye mumewe alipata kazi Buffalo, wakahama, na kila alipopika sombe alimtengea Baba kikopo kipya, kile cha zamani wakakila wenyewe. Nilimcheka kwenye simu.

"Wewe cheka tu," alisema. "Baba ana kichwa kigumu, lakini atakuja. Na siku akipiga hodi sitaki akae kusubiri nipike."

Damu iliganda kwenye mapafu ya dada asubuhi moja akijiandaa kwenda kazini, akafariki. Alikuwa bado kijana, na mpaka leo sijui nimlaumu nani. Hivyo ndivyo Baba alivyofika Buffalo.

Tuliporudi kutoka makaburini, mkwe wetu, ambaye Kiswahili chake hakikuvuka salamu, alifungua friza akatoa kikopo. Alipasha sombe moto, akasonga ugali wenye madonge. Kisha akaleta birika na beseni, akasimama mbele ya Baba bila kumtazama usoni, nadhani kwa kuogopa.

Baba akatoa mikono. Alinawa taratibu, akamshika mkwe wake mkono uliolowa, akamvuta aketi naye. Walikula pamoja, na Baba alikuwa analia waziwazi huku anameza. Alifuta bakuli kwa tonge la mwisho, halafu akamwuliza yule mkwe kwa Kiswahili, "Imebaki nyingine?"

Mkwe akanigeukia nimtafsirie. Nilishindwa. Nilikuwa nimeshaangalia kwenye friza, na kikopo kilikuwa kile kimoja tu.