Sifuri za Ezekiel

Wako watu wasioamini jambo mpaka walione. Laurean hakuwa wa aina hiyo. Yeye hakuamini jambo mpaka aione hesabu yake. Kule Bukoba alikuwa mwalimu wa hisabati shule ya msingi, na hata baada ya kuhamia Maryland na kukaa mapokezi kwenye jengo moja la ghorofa huko Silver Spring, akiandikisha wageni na kupokea vifurushi vya wapangaji, ualimu haukumtoka. Ukimwambia basi la asubuhi linachelewa, atakuuliza linachelewa kwa wastani wa dakika ngapi. Mtu mwema, lakini alichosha.

Alikuwa akiishi Riverdale Park na mwanawe Ezekiel, wawili tu. Mkewe Benadetha alikuwa bado Bukoba anasubiri viza, mwaka wa pili huo, na kila Jumamosi Laurean alikwangua kadi ya simu na kumpa habari za mtoto. Kijana alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mkimya, na msimu ule alikuwa amechaguliwa kwenye timu ya futiboli ya shule, ile ya Wamarekani inayochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Alipangwa upande wa ulinzi, miongoni mwa wale wanaozuia pasi za juu.

Mechi zilikuwa Ijumaa jioni, na Ijumaa jioni Laurean alikuwa kazini. "Nitajaribu kuja," alisema kila wiki, na kila wiki Ezekiel aliitikia, "Sawa, Dad," bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Aliyekuwa akimrudisha nyumbani ni Bilha, Mkenya wa kanisani kwao, ambaye mwanawe Ryan alicheza timu hiyohiyo. Bilha aliwatunza wazee majumbani mwao, na Ijumaa jioni hakukubali zamu yoyote, ili awe uwanjani. Laurean aliwahi kumpa pakiti ya kahawa ya kwao kumshukuru kwa lifti. Kumuuliza anaona nini huko uwanjani, hakuwahi. Aulize ya nini, wakati takwimu zipo?

Maana zilikuwepo. Kila Jumamosi kocha msaidizi alibandika kwenye tovuti ya shule jedwali la mechi, na Laurean alilisoma kwenye kompyuta ya mapokezi huku wageni wakimsubiri. Kila mlinzi alikuwa na mstari wake: pasi ngapi zimedakwa mbele yake, na wapinzani wamepata yadi ngapi kwa pasi hizo. Mstari wa Ryan ulijaa tarakimu. Mstari wa Ezekiel ulikuwa sifuri, sifuri. Wiki iliyofuata, sifuri tena. Wiki nyingine, hivyohivyo.

Laurean hakuujua mchezo wenyewe wala hakuwa na haraka ya kuujua. Alijua soka, na kwenye soka beki asiyepitwa ni beki, basi, hakuna mjadala. Alimpongeza kijana jikoni, akamshika bega. Ezekiel akasema, "Dad, hizo namba hazimaanishi kitu." Laurean akacheka kwa furaha. Unyenyekevu wa mama yake huo! Jumamosi ile Benadetha alipiga kigelegele kwenye simu mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, na kesho yake mtaa mzima wa Kashura ulikuwa na habari za kijana asiyepitwa huko Marekani.

Sasa, kanisani kwao, baada ya ibada ya Kiswahili, watu waliteremka ukumbini kunywa chai. Hapo kulikuwa na desturi: kabla vikombe havijapoa, mzee wa kanisa, Mwaura, aliuliza nani ana jambo la kumshukuru Mungu. Mmoja atasimama aseme amepata makaratasi ya ukaazi, mwingine mtoto kafaulu, na watu wanapiga makofi. Wazazi walioshinda wiki nzima wakiitwa kwa majina yaliyoharibiwa walipata pale dakika mbili za kuwa watu wa maana. Laurean hakuwa amewahi kusimama. Jumapili ile, msimu ukiwa umebakiza mechi moja, alisimama, na alikuja na karatasi aliyoichapa kazini.

"Mimi sitasema mengi," alianza, na kila aliyemjua akaketi vizuri maana mengi yanakuja. Akawaeleza yadi ni nini. Akawaeleza pasi ni nini. Akasoma mstari wa mwanawe, mechi hadi mechi, na kila sifuri akaitamka kwa sauti ya pale darasani. "Msimu mzima, ndugu zangu, hajapitwa hata mara moja!" Makofi yakaanguka. Ezekiel, mezani kwa vijana, alikuwa ameinamia kikombe.

Angekomea hapo, habari ingeishia hapo. Lakini makofi yana ulevi wake. Laurean akaitazama karatasi tena, akaona mstari wa Ryan chini yake, akamgeukia kwa utani. "Na wewe Ryan, mwanangu, ufunge mlango kidogo. Wageni wamezidi sana upande wako!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ryan naye alicheka, ingawa masikio yalimwiva. Bilha, aliyekuwa akipita na birika, alisimama. Alimtazama Laurean usoni kwa muda, kama mtu anayepima kama aseme au asiseme. Kisha akainama, akammiminia chai, akamwambia, "Hongera, Baba Ezekiel." Akaenda meza nyingine.

Ezekiel alikuwa ameshatoka nje. Laurean alimkuta maegeshoni, ameegemea gari la Bilha, amekasirika.

"Kwa nini umemwambia Ryan vile? Mbele ya watu wote!"

"Utani tu, baba. Na namba ni namba."

"Watu wanarusha kwa Ryan kwa sababu Ryan ndiye yuko uwanjani! Kocha anampa amkabe mpinzani hatari kuliko wote, kila mechi, mpaka mwisho. Ukikaa pale muda wote, lazima watadaka kadhaa. Yeye ndiye beki wetu bora, kila mtu anajua."

"Na wewe je? Kwako mbona hawadaki?"

Kijana akamwangalia baba yake. Hasira ilikuwa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. "Dad, I don't play," akasema. Kisha, kana kwamba baba hakuelewa, akarudia kwa Kiswahili. "Sichezi. Nakaa benchi. Niliingizwa mara mbili tu, mechi imeshaamuliwa, hakuna anayerusha tena. Nilikuambia hazimaanishi kitu."

Laurean alisimama na karatasi yake mkononi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aliona ukumbi mzima ukimpigia makofi. Alisikia kigelegele cha Benadetha. Alimwona mtoto, wiki baada ya wiki, akila chakula chake mbele ya baba anayemsifia kwa kazi ambayo hajaifanya, hajui atoke vipi kwenye sifa hizo. Na juu ya yote aliliona birika la Bilha. Yule mama alikuwa amekaa uwanjani kila Ijumaa. Alijua. Neno moja tu lingetosha kumvua nguo pale mbele za watu, tena baada ya mwanawe kuchekwa, naye akammiminia chai na kumpa hongera.

Alirudi ndani. Bilha alikuwa peke yake jikoni anasuuza vikombe.

"Mama Ryan, nimekukosea. Nimemkosea mtoto wako."

"Ni sawa tu," alisema Bilha, bila kugeuka. "Ryan ako sawa. Hiyo atasahau."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Bilha alifunga bomba. "Ningesema, nani angeaibika? Si wewe peke yako. Yule kijana alikuwa amekaa pale." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Baba Ezekiel, Ijumaa ndiyo game ya mwisho."

Laurean alifungua mdomo kusema nitajaribu. Akaufunga.

Jumapili iliyofuata angesimama tena ukumbini, bila karatasi, amwombe radhi Ryan mbele ya watu walewale. Hilo alimwahidi Mwaura siku hiyohiyo. Benadetha naye alimpigia simu bila kungoja Jumamosi, kadi mpya mkononi. Alimweleza yote, na mkewe akauliza swali moja tu: "Kwani wewe hukuwa unakwenda kumwona?" Kadi ilikuwa na dakika nyingi bado, lakini Laurean aliaga.

Ijumaa alimbembeleza mwenzake wabadilishane zamu, akapanda mabasi mawili, akafika mechi ikiwa karibu kuanza. Nyumbani hakuwa amesema kitu, maana ahadi zake zilikuwa zimechakaa. Alimwona Bilha jukwaani, amejifunika blanketi, lakini miguu ilikataa kumpeleka pale. Akabaki chini, karibu na uzio, kofia ya sufu imemfika machoni.

Timu ilitoka mbio chini ya taa. Ilipofika mbele ya jukwaa, wachezaji waligeuka mmojammoja, kila mmoja akatafuta watu wake na kuwapungia. Laurean alimtambua Ezekiel kwa urefu. Jezi yake ilikuwa safi kuliko zote. Kijana akageuka, akainua mkono juu, na Laurean akainua wake.

Lakini Ezekiel hakuwa akitazama uzio. Macho yake yalipita juu ya kichwa cha baba yake bila kusita, yakaenda moja kwa moja mahali fulani jukwaani, na kule juu Bilha alikuwa amesimama anampungia kwa mikono miwili.

Mkono wa Laurean ulikuwa bado hewani. Aliushusha taratibu, akajifanya anarekebisha kofia. Kijana alikwenda kuketi mwisho wa benchi, ambapo ilionekana wazi kwamba ndipo mahali pake.

Laurean alizipanda ngazi za jukwaa akiwa ameinamisha kichwa. Alipofika kwenye safu ya Bilha alisimama. Bilha alimwona. Alisogea, akalikunja blanketi, akamwachia nafasi yake mwenyewe.

"Kaa hapa, Baba Ezekiel," alisema. "Hapa ndipo huwa anaangalia."