Nilitia Uzito Kwenye Dadu ya Mwalimu

Kosa ni langu. Shetani simsingizii, maana siku ile mkono ulikuwa wangu na keekee ya kutobolea ilikuwa yangu.

Mimi ni mchonga vinyago hapa Chikongola, Mtwara mjini. Jina langu liacheni. Rafiki yangu alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa kijiji cha Mpapura, mwenye mikorosho yake na maneno yake mengi. Nitamwita Mwalimu tu, kama nilivyomwita miaka yote.

Mwalimu alibuni mchezo wa vita. Alichora Mto Ruvuma na nchi za huku na ng'ambo kwenye kipande cha plaiwudi, mimi nikamchongea askari wa mpingo. Unaanza na mikuki. Ukitaka kupanda hadi magobore, kisha mizinga, njia ni mbili: ulimbikize mavuno zamu baada ya zamu mpaka yatoshe kununua silaha, au utoe mavuno kidogo urushe dadu. Ikija sita, silaha unapewa papo hapo. Isipokuja, imekula kwako.

"Bahati iwepo, maana vitani ipo," alikuwa akisema. "Lakini mwenye mipango ndiye ashinde mara nyingi. La sivyo watoto watajifunza nini?" Ndoto yake ilikuwa mchezo huo ufike mashuleni.

Na yeye alishinda kweli. Kila Ijumaa baada ya swala tulicheza barazani kwangu, na kila Ijumaa alinichapa. Mimi sina subira, narusha dadu tu, yeye analimbikiza. Siku moja, mizinga yake imeshanimaliza, akanigeukia mbele za watu akicheka: "Ndugu yangu, mikono yako ina akili kuliko kichwa chako!"

Baraza zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Lakini iliniuma, jamani!

Ile dadu nilikuwa nimeichonga mimi, ya mpingo, vitone vyake vya mfupa. Sisi wachongaji tunajua kuficha ufa: unga wa mpingo, gundi, rangi ya viatu, na mnunuzi haoni kitu. Basi nikang'oa kitone cha upande wa moja, nikatoboa, nikatia kipande cha risasi ya kuzamishia mshipi, nikakirudisha kitone mahali pake. Upande mzito unalala chini, sita inakaa juu. Si kila mara, lakini mara nyingi kuliko haki.

Nilikusudia Ijumaa moja tu. Wallahi moja tu!

Nikampiga. Utamu wake siwafichi. Nikampiga ya pili, ya tatu, mwezi ukaisha. Mizinga yangu inafika, yeye bado ana mikuki. Mwalimu aliacha utani. Akawa anabadilisha sheria za mchezo, anapandisha bei ya kurusha, anashusha bei ya magobore. Wapi! Siku moja akarusha yeye mwenyewe, jambo ambalo hakulipenda, ikaja sita. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe nimetunga upuuzi."

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Nilichukua kikombe nikanywa maji.

Kisha akaja mgeni kutoka Dar, mtu anayetengeneza michezo ya mashuleni. Alikuwa amesikia habari za mchezo wa Mwalimu. Nami nilialikwa Mpapura. Bi Somoe, mke wa Mwalimu, alipika wali kwa kuku. Tulipomaliza kula mgeni akasema, "Haya Mwalimu, tuuone huo mchezo."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Samahani kwa kukusumbua. Nimeujaribu sana na huyu rafiki yangu, shahidi wangu huyu hapa. Bahati inaishinda mipango kila siku. Mchezo haufai."

Mgeni akanigeukia. "Ni kweli, bwana?"

Sema! Sema sasa! Nikafikiria baraza zima litakavyonicheka, nikajibu, "Ni kweli."

Mgeni aliondoka alasiri hiyo hiyo. Ile plaiwudi Mwalimu akaipigilia kwenye mlango wa banda la kuku, Ruvuma na yote. Barazani kwangu hakuja tena. Nikimfuata, ananiambia akili imezeeka. Mtu aliyekuwa hamalizi maneno, mnakaa saa nzima hamna la kusema! Nilijiambia nitamweleza mvua zikikatika. Mvua hazijakatika, presha ikamwangusha shambani. Hakufika hospitali.

Siku ya arobaini Bi Somoe aliniita pembeni. Akafungua pindo la khanga, akatoa ile dadu.

"Chukua, shemeji. Kaka yako aliitunza sana hii." "Niliwahi kumwambia, baba watoto, hebu jaribu dadu nyingine, hii isije ikawa na kasoro. Alinikemea! Akasema, kasoro iko kichwani mwangu, hii kaichonga ndugu yangu."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema ahsante. Hata hapo sikusema!

Vinyago bado nachonga, maana watoto wanakula. Lakini Ijumaa sikai barazani, na Mpapura sipiti.

Wewe unayesoma, kama una jambo umemficha mtu anayekuamini, nenda leo kamwambie, akiwa bado anaweza kukutukana. Watu watakucheka, ndiyo. Kicheko kinaisha kabla chai haijapoa.

Mimi nimechelewa. Dadu ninayo hapa mezani. Nimeirusha asubuhi hii, imekuja sita.